Mazoezi ya Msiba wa Selestina

Pale Chilangala kila mtu alijua kwamba Bibi Selestina haogopi kufa. Alichoogopa ni kuzikwa kimya, kama gunia la makopa ya muhogo linaloshushwa ghalani.

Watu wa kwao hawazikwi kimya. Mtu akifa, hata kama watoto wake wamelia mpaka sauti zimekauka, hufika mtani wa ukoo wake. Huja amejipaka majivu usoni, amevaa nguo za marehemu, akaanza kumwigiza alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikohoa, alivyokuwa akifunika chungu cha mboga akisikia hodi ya mgeni. Waombolezaji hucheka huku machozi yanawatoka, na marehemu anaondoka amesindikizwa. Asiye na mtani huombewa, huimbiwa, hufukiwa, watu wakaenda kula. Basi.

Na mtani wa Selestina aliyebaki alikuwa mmoja tu, mzee Dadi, anayekaa nyuma ya msikiti pamoja na binti yake Faidha. Vijana wa ukoo wa Dadi walikuwa wameshakwenda Dar es Salaam, na mpwa wake mmoja aliyebaki alikuwa ameokoka na kusema kwamba utani makaburini ni mambo ya giza. Selestina ni wa kanisani na Dadi ni wa msikitini, lakini utani wa koo zao ni wa zamani kuliko kanisa na msikiti vyote viwili, na tangu utoto wao walikuwa wakitukanana kwa heshima zote.

"Hujafa tu, we mzoga?" Dadi humsalimu asubuhi.

"Nakungoja utangulie, ukanifagilie njia," hujibu Selestina.

Hivyo ndivyo wazee hao wawili walivyokuwa wakijuliana hali.

Sasa, uzee haupigi hodi. Msimu ule wa korosho Selestina aliinama chini ya mkorosho wake kama kawaida, kiuno kikakubali kwenda lakini kikakataa kurudi. Akabaki ameinama vile vile, akijifanya anatafuta sindano, mpaka maumivu yalipompa ruhusa. Mfuniko wa chupa ya chai ukaanza kumshinda. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja sasa ilimzunguka na kubaki kipande cha kumfunika mtu mwingine.

Siku zile zile akaona ajabu. Korosho za mti wake zilikuwa zimeanza kudondokea juu ya kisiki, pale pale mkono wake unapofika bila kuinama, na zimelala pamoja vizuri kama mayai. Akaushukuru mkorosho kwa sauti. Ilimchukua muda kumgundua Faidha, ambaye alikuwa akipita mapema anapokwenda shambani kwake, anaokota, anaweka kisikini, anaondoka. Selestina hakumwambia kitu. Alihofia kwamba akimshukuru, binti wa watu ataona haya na kuacha.

Halafu akaanguka. Alikuwa anachota kwenye tangi la maji ya mvua, mguu ukateleza, akajikuta chali anatazama mawingu. Hakuumia, ila hakuweza kuinuka. Kuku wakaja kumtazama, wakaona hana mtama, wakaondoka. Akiwa amelala pale alianza kuupanga msiba wake: nani atapika, nani atalia kwa kelele kuliko inavyotakiwa, na jinsi Dadi atakavyomwigiza akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila kuishika, kama alivyokuwa akifanya zamani, wakati maji ya uwanda huu yalikuwa yakifuatwa bondeni.

Dadi mwenyewe akatokea uani, anajikongoja na fimbo yake.

"Umeamua kuzikwa bila kaburi?" akauliza.

"Niinue, acha maneno."

Dadi akatupa fimbo, akamshika mikono, akavuta. Selestina hakusogea. Akavuta tena, kwa nguvu zote za ukoo wake, na aliyesogea ni yeye. Alishuka taratibu kama nguo inayoteleza kwenye kamba, akalala kando ya mtani wake. Wakabaki pale wawili, wakitazama mawingu na kulaumiana, mpaka Faidha alipokuja akawainua mmoja mmoja, akawapangusa vumbi, wala hakuwacheka mbele yao. Alikwenda kucheka nyuma ya jiko.

Usiku huo usingizi ulimpaa Selestina. Hofu yake haikuwa kiuno tena. Kama Dadi hawezi kumwinua mtu aliye hai na anayesaidia, atawezaje kumbeba marehemu kwenye mwili wake, amtembeze, amchezeshe, amgombezeshe kuku mbele ya watu? Huyu si atakaa kwenye kiti na kusema, "Alikuwa mtu mzuri"? Hivyo ndivyo wanavyozikwa wageni.

Mwanawe Nikolao, fundi wa magari mjini Masasi, alikuwa amemwomba mara nyingi ahamie kwake. Alimjengea hata chumba. Naye kila mara alimjibu, "Masasi nina mtani? Nikifia huko nitazikwa kama mzigo uliokosa mwenyewe." Sasa akaona hata hapa Chilangala atazikwa vivyo hivyo, asipomtia Dadi nguvu.

Mhudumu wa afya wa kijiji, Huruma, alikuwa ameshapita kwa wazee wote. Aliwafundisha kukaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, kutembea kila siku, kula kunde na mayai hata kama hamu haipo. Kwa Dadi alifukuzwa kwa adabu.

"Mwanangu Huruma," Dadi alimwambia, "nimekaa kitini na kuinuka tangu mkoloni yupo. Leo nikafundishwe?"

Selestina hakwenda na habari za mazoezi. Alimbebea uji wa mtama uliotiwa korosho za kutwanga, kwa kuwa mgonjwa haulizwi uji, akamwekea mbele na kanga yake ya kutokea.

"Hii ya nini?"

"Ya msiba wangu. Vaa nikuone."

"Umeshakufa?"

"Ninafanya haraka. Lakini siwezi kufa hujajua kunifanya. Inuka, tembea kama mimi."

Dadi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka uji ukapoa. Mazoezi alikataa, lakini utani angeukataaje? Mtani akiombwa utani hana mlango wa kutokea. Akajifunga kanga, akaenda kutoka mlangoni hadi jikoni, akaketi juu ya kinu.

"Huyo ndiye mimi?" Selestina akafoka. "Huyo ni mbuzi aliyekula sabuni! Mimi nilikuwa napanda mlima na ndoo kichwani, shingo imesimama. Rudia!"

Akarudia. Kesho yake akarudia tena, safari hii uani kwa Selestina. Ndoo ikaongezwa, mwanzoni tupu, baadaye na maji kidogo ya kunawia. Selestina alikaa kwenye mkeka akifoka kama kocha: hapo aliinama kupalilia, inama, hapo alitwanga muhogo, twanga, hapo alimkimbiza jogoo wa jirani, kimbia! Dadi hakukimbia, lakini alitembea kwa hasira, na kwa miguu yake ile huko kulikuwa ndiko kukimbia. Akitoka hapo ana njaa. Faidha akaanza kuona sahani ya baba yake ikirudi tupu.

Majirani nao wakaanza kuja. Mwanzoni walisimama nje ya ua wakijifanya wanapita, halafu wakaingia na vigoda vyao. Huyu kaleta mayai, yule mbaazi, kwa sababu haipendezi kwenda msibani mikono mitupu, hata kama marehemu ndiye anayekukaribisha. Mama mmoja mwepesi wa machozi alilia kwa kwikwi mpaka Selestina mwenyewe akainuka kumletea maji, akamwambia, "Jikaze, mwenzangu. Nimepumzika."

Siku moja Huruma alipita, akasimama na baiskeli yake.

"Babu Dadi! Shikamoo. Kumbe unafanya mazoezi!"

"Marahaba. Mazoezi gani? Mimi niko msibani."

"Pole. Msiba wa nani?"

"Wa huyu," akasema Dadi, akimwonyesha kwa kidole Selestina aliyekuwa anapepeta choroko.

Huruma akamtazama marehemu. Akamtazama mzee aliyekuwa amemfukuza, sasa jasho linamtoka na ndoo kichwani.

"Basi msiba huu usiishe mapema," akasema. "Na ule upande wa kuinuka kutoka kwenye kigoda, babu, marehemu alikuwa hashiki ukuta, sivyo?"

"Hakushika kamwe!" akadakia Selestina. "Mwambie!"

Mambo yakaenda vizuri mpaka Jumamosi walipoamua kujaribu na majivu. Dadi alijipaka uso mzima, akavaa kanga, akabeba ndoo, majirani wakapiga vigelegele na yule mama mwepesi wa machozi akaanzisha kilio. Wakati huo huo kijana wa bodaboda alikuwa anapita barabarani. Aliona mtani mwenye majivu katika ua wa Bibi Selestina, amevaa kanga ya Bibi Selestina. Mtu wa huku hahitaji kuambiwa zaidi. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akaenda zake Newala na habari. Kutoka Newala habari ikashuka Masasi kwa simu, na ikamkuta Nikolao chini ya gari.

Nikolao alimpigia mama yake. Simu ya Selestina ilikuwa dukani inachajiwa, imezimwa. Marehemu hapokei simu, na hilo likamalizia shaka yote.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Selestina aliposikia lori likipanda kijijini, limejaa watu wanaoimba wimbo wa maziko. Nani huyu aliyetutoka? Mazoezi yalikuwa yamekwisha na watu wametawanyika. Akajitanda kanga, akatoka uani mikono kichwani, akilia kama anavyopaswa kulia mtu mwenye utu. Lori likasimama mbele ya nyumba yake. Wanawake wakashuka na masufuria na mifuko ya unga, wamejifunga viunoni, macho mekundu. Selestina akajitosa katikati yao, akamkumbatia wa kwanza aliyemfikia, akalia naye, akahamia kwa wa pili. Kilio kilikuwa kikubwa na vumbi jingi, na hakuna aliyemtazama usoni. Akafika kwa mwanawe.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Nani katutoka?"

Nikolao akainua kichwa.

"Mama?"

"Ndiyo, baba. Nani?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Asubuhi. Walinipigia kutoka Newala."

Selestina akaketi kwenye ngazi ya nyumba yake. Mbona hakuna aliyemwambia? Kidogo kidogo akaelewa: majivu, kanga, barabara. Nikolao alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akaibana kama anayepima kama ina joto. Alikuwa anacheka na anakasirika kwa pamoja. Wanawake nao walisimama na masufuria yao. Kilio kilikuwa bado kimejaa vifuani mwao, na hawakujua wakakiweke wapi.

Ndipo ikasikika fimbo njiani.

Dadi alikuwa amelala kwake alipoamshwa na kilio cha lori. Hakuuliza mtu. Hakungoja hata Faidha amfungie kamba za viatu. Alichota majivu jikoni, akajipaka, akavaa ile kanga iliyokuwa imebaki kwake, akaja. Macho yake hayaoni mbali, na pale uani aliona watu wengi tu, wamesimama kimya.

"Amekwenda lini?" akauliza hewani. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

Nikolao alitaka kujibu. Selestina akamfinya mkono. "Nyamaza," akamnong'oneza. "Hebu tuone."

Akajivuta nyuma ya wanawake, akachungulia katikati ya mabega yao.

Dadi aliweka fimbo chini. Ndoo hakuitafuta. Aliushika ukuta wa nyumba kwa kiganja, akaanza kutembea polepole, akifuata ukuta. Kwenye nguzo ya kwanza ya baraza akasimama, akainua macho kukagua paa, kama mtu anayetafuta panapovuja, na huku kifua kinahema. Akaenda. Kwenye nguzo ya pili akasimama tena, safari hii akahesabu kuku ambao hawapo. Watu wa Chilangala, waliokuwa wameanza kuja mbio, wakaanza kucheka, maana wote walikuwa wameshamwona Bibi Selestina akikagua paa lake kila siku, na wote walijua kwamba paa halivuji.

Akaketi kwenye kigoda. Ili kuinuka, akajifanya anamfukuza jogoo: "Shii! Ahaa! Toka!" na katika kule kupiga kelele akajipa nguvu akasimama, ili mtu asisikie kwamba anaguna. Kicheko kikapanda. Akafungua chupa ya chai isiyokuwepo, ikamshinda, akaisema chupa: "We chupa, nani kakufunga hivyo, shetani?" Halafu akachukua sahani isiyokuwepo, akatoa kipande cha nyama, akakiweka kwenye sahani ya jirani. "Kula wewe, Faidha," akasema kwa sauti ya Selestina, "mimi nimeshiba tangu jana."

Hapo watu wakaacha kucheka. Faidha, aliyekuwa amemfuata baba yake na viatu mkononi, akaweka mkono mdomoni. Kumbe naye hakujua kwamba kuna mtu aliyemwona Selestina akimpa nyama yake.

Dadi akasimama katikati ya uwanja, mikono inaning'inia. Utani ulikuwa umemwishia. "Sasa asubuhi nani atanitukana?" akauliza, na machozi yakachora njia kwenye majivu.

Selestina alikuwa amekusudia kukaa kimya mpaka mwisho. Ni mara moja tu mtu hupata nafasi kama hiyo. Lakini kuna jambo lilimwasha kuanzia ile nguzo ya kwanza.

"Mimi sitembei hivyo!" akapiga kelele.

Dadi akageuka kwa ukali. "Nyamaza! Marehemu hasemi."

Kisha akasikia alichosema. Akamtazama. Akashuka mchangani taratibu, kama siku ile ya tangini.

Selestina akatoka kwa wanawake kwenda kwake. Alikwenda kwa hasira, shingo imesimama, awaonyeshe watu anavyotembea hasa. Akafika ukutani, akaushika. Kwenye nguzo ya kwanza akasimama na kuinua macho kukagua paa.

Uwanja mzima ukalipuka. Watu walishikana mabega. Nikolao aliinama akashika magoti yake. Mama mwepesi wa machozi alikuwa amelala chini. Selestina aliutazama mkono wake pale kwenye nguzo, akautazama ukuta, uliokuwa umeng'aa kwa viganja vyake kuanzia mlangoni hadi pembeni, akaanza kucheka mwenyewe, na kicheko kikammaliza nguvu kiasi kwamba alifika kwa Dadi akiwa amekaribia kutambaa. Akaketi kando yake.

"Ndoo uliitupa wapi?" akamuuliza. "Siku zote zile tulizofundishana!"

"Yule wa ndoo simjui tena," akasema Dadi. "Alishakwenda zamani, na hatukumzika. Ninayemjua ni huyu wa ukutani. Ningemwigiza nani mwingine, we kizee?"

Selestina akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unaniona."

"Macho yangu ni mabovu, si mabovu kiasi hicho."

"Na ulilia."

"Majivu yaliniingia machoni."

"Kwenye macho yote mawili?"

"Yalikuwa majivu mengi."

Nikolao akawajia, akachuchumaa. Alikuwa ametulia sasa. "Mama," akasema, "twende Masasi. Nimeshaona. Ukuta wangu pia unashikika. Na Babu Dadi tutamfuata siku yenyewe ikifika."

"Kwa miguu hii?" akasema Dadi. "Mtanileta kwenye jeneza lake, nimelala juu."

"Siendi," akasema Selestina. Lakini hakufoka kama siku zote. "Ila hiyo baraza unaweza kuitia mti wa kushikilia, kutoka nguzo hadi nguzo. Na kigoda kirefu zaidi. Viwe viwili, huyu naye anajua kuanguka."

Nikolao akaanza kuitazama baraza kwa macho ya fundi.

Wanawake wa Masasi walikuwa wameshapata jibu lao. Unga ulikuwa umekuja, masufuria yamekuja, na wamachinga wa kilio hawarudi na mizigo yao. Moto ukawashwa. Dadi aliletewa bakuli la maji anawe majivu, akakataa, akasema bado hajalipwa hata bakuli moja la mboga.

Ugali ulikuwa unasongwa Nikolao alipojipiga paji la uso. Wa Nanganga! Aliwapigia wale wa shangazi yake wakati wa kuondoka, na hakukumbuka kuwapigia tena. Hakuwahi hata kutoa simu mfukoni, kwa kuwa gari lao lilikuwa tayari linaingia, na wao ndani wanalia kwa sauti ambazo hazijaguswa, sauti mpya kabisa za kutoka Nanganga.

"Niende nikawaambie," akasema.

"Kaa," akasema Selestina. "Wageni wangu nawapokea mwenyewe."

Akajaribu kuinuka, ikashindikana. Hakufukuza jogoo yeyote. Alinyoosha mkono juu, wazi mbele ya watu wote, akasema neno ambalo Nikolao hakuwahi kulisikia kutoka kwake.

"Niinue, mwanangu."

Nikolao akamwinua. Faidha akamwinua Dadi. Selestina akamshika mwanawe mkono mmoja na mtani wake mkono mwingine, na hapo haikujulikana nani anamshikilia nani, wakaenda hivyo hadi garini, hatua za kuku mgonjwa. Shangazi wa Nanganga alikuwa wa kwanza kushuka, kanga usoni, anaomboleza jina la Selestina kwa kulivuta mpaka mwisho.

"Poleni na safari," Selestina akamwambia, akimgusa bega. "Marehemu ndiye mimi. Ingieni mnawe mikono, ugali haujapoa bado."